Toleo, Chapa na Nakala: Habari za Kitabu cha Lazarillo cha Mwaka 1554

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri, walimu na makarani wa maktaba ni hili la toleo, pamoja na ndugu zake wawili, chapa na nakala. Kila mtu huyajua, na kwa sababu hiyo hapana anayejishughulisha kuyapambanua. Husemwa toleo adimu pale ambapo kilichokusudiwa ni nakala adimu. Huandikwa chapa ya pili juu ya kitabu ambacho nusu yake imeandikwa upya. Na neno toleo lenyewe limekwisha kuchukuliwa na magazeti na majarida kwa maana ya gazeti la siku fulani au jarida la mwezi fulani, hata msomaji asijue anaambiwa lipi. Katika makala hii tumekusudia kuyapima maneno hayo kwa kisa kimoja cha kweli, cha kitabu kidogo cha Kihispania ambacho nakala yake moja ilikaa ndani ya ukuta wa nyumba kwa zaidi ya miaka mia nne. Kisa hicho kitatufikisha pia kwenye istilahi nyingine, ngumu kuliko hizo tatu, nayo ni jina la aina ya riwaya ambayo kitabu hicho kiliizaa.

Kitabu chenyewe huitwa La vida de Lazarillo de Tormes y de sus fortunas y adversidades, yaani Maisha ya Lazarillo wa Tormes, na bahati na mikasa iliyompata. Mwandishi wake hakutia jina. Tangu mwanzo wa karne ya 17 watu wametajwa mmoja baada ya mwingine kuwa ndio walioandika: mtawa Juan de Ortega alitajwa mwaka 1605, Diego Hurtado de Mendoza mwaka 1607, na katika karne yetu hii ya 21 Alfonso de Valdés ametetewa kwa bidii kubwa. Hapana hoja hata moja iliyowaridhisha wote, nasi hatuoni kwamba kitabu kimepungukiwa na kitu kwa kukosa jina juu ya jalada.

Msemaji katika kitabu ni Lázaro mwenyewe, mpiga mbiu wa mji wa Toledo, ambaye anamjibu mkubwa mmoja aliyemtaka aeleze jambo fulani kwa ukamilifu. Watumishi wa serikali wataitambua mara moja namna hii ya maandishi: ni barua ya kujieleza. Badala ya kujibu swali kwa mistari miwili, Lázaro anaanza tangu kuzaliwa kwake katika kinu cha kusagia nafaka juu ya mto Tormes, karibu na Salamanca. Baba yake anashikwa kwa kuiba katika magunia ya wateja, kisha anakufa vitani. Mama yake anaishi na Zaide, mtumwa mweusi mwangalizi wa farasi, ambaye huiba shayiri na nguo za farasi ili awalishe watoto. Naye akagunduliwa, akachapwa viboko na kumwagiwa mafuta ya moto. Hapo mama anamtoa mwanawe kwa kipofu mwombaji ili awe kiongozi wake, na kuanzia siku hiyo kijana anahama kutoka bwana hata bwana.

Kipofu anamfundisha ukali wa dunia kwa kumgonga kichwa kwenye sanamu ya ng'ombe ya mawe iliyo penye daraja la Salamanca. Kasisi wa Maqueda anafungia mikate katika kasha, na kijana, kwa njaa, analitoboa kasha na kulimega kidogo kidogo ili panya wasingiziwe. Bwana wa tatu ndiye anayekumbukwa kuliko wote: mwungwana wa Toledo asiye na kitanda cha maana wala chakula, lakini mwenye upanga na joho lililonyooshwa vizuri, ambaye hutoka nje akichokonoa meno mlangoni ili majirani wadhani amekwisha kula. Mtumishi ndiye anayekwenda kuomba mikate na kumlisha bwana wake. Wafasiri wa Kizungu wamehangaika sana na cheo cha mtu huyu. Kiswahili hakina shida hiyo. Neno mwungwana, pamoja na kiburi chake chote, heshima yake na woga wake wa aibu, linamtosha mtu yule kama joho lake. Hali kadhalika mpiga mbiu ni mpiga mbiu hasa, na bwana wa tano, ambaye alikuwa akiuza hati za rehema za Papa kwa udanganyifu, ataeleweka na kila Mkristo wetu kwa jina la mwuza hati za rehema.

Mwishowe Lázaro anapata kazi ya serikali, anaoa mtumishi wa padri mkuu mmoja, na mji mzima unasema juu ya mke huyo na padri huyo. Hilo ndilo jambo aliloulizwa. Jibu lake ni kwamba yeye ameridhika.

Sasa tuje kwenye uchapaji. Mwaka 1554 kitabu hiki kilipigwa chapa katika miji minne: Burgos kwa Juan de Junta, Alcalá de Henares kwa Salcedo, Medina del Campo kwa Mateo na Francisco del Canto, na Antwerp, katika nchi za chini zilizokuwa chini ya mfalme mmoja na Hispania, kwa Martín Nucio. Chapa ya Alcalá ina tarehe ya 26 Februari, na ile ya Medina ina tarehe ya 1 Machi. Miji minne katika mwaka mmoja ni dalili kwamba kitabu kilikuwa kikinunuliwa, na Medina, uliokuwa mji wa magulio makubwa na biashara ya vitabu, haukuwa mahali pa kuchapa kitu kisichouzika.

Je, tuseme hizi ni chapa nne au matoleo manne? Hapa hatuna budi kukumbuka namna kazi ya uchapaji ilivyokuwa. Mpanga herufi alipanga herufi za risasi moja moja hata ukurasa ukatimia. Kurasa zikafungwa pamoja, zikapakwa wino, karatasi zikachapwa. Kisha herufi zikafumuliwa na kurudishwa visandukuni ili zitumike kwa kurasa nyingine, kwa kuwa hapana mpiga chapa aliyekuwa na herufi za kuacha zimelala. Aliyetaka kukichapa kitabu mara ya pili alilazimika kukipanga upya chote tangu neno la kwanza. Na kila kupanga upya kulileta tofauti: neno limeachwa hapa, tahajia imebadilika pale, mstari umerukwa. Kwa hiyo katika karne ya 16 kila chapa mpya ilikuwa kwa kweli toleo jipya, apende mpiga chapa asipende, na mafundi wa siku zile hawakuwa na haja ya maneno mawili. Haja hiyo ilikuja baadaye, ukurasa uliokwisha kupangwa ulipoweza kuhifadhiwa mzima na kuchapwa tena bila kuguswa. Tangu hapo ndipo yapasa kusema kwamba kitabu kimepigwa chapa ya pili ikiwa maneno yake hayakubadilishwa, na kwamba kimetolewa toleo la pili ikiwa yamebadilishwa kwa makusudi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika kitabu cha Alcalá. Jalada lake linasema kwamba kimesahihishwa na kuongezwa mambo mapya katika uchapaji huu wa pili. Neno walilotumia ni la kuchapa. Jambo lililofanyika ni la kutoa toleo, kwa sababu ndani yake mna vipande sita ambavyo havimo katika vitabu vya miji mingine mitatu. Mfasiri atakayeandika hapo chapa ya pili atakuwa amelifuata neno na kulipoteza jambo. Sisi tungeandika toleo la pili lililosahihishwa na kuongezwa. Na kama toleo la Februari 1554 lajiita la pili, la kwanza ni lipi? Wataalamu wengi, wakilinganisha makosa yanayofanana na yasiyofanana katika vitabu vyote vinne, wanaamini kwamba palikuwa na toleo la kabla ya haya, ambalo halikubaki hata ukurasa. Kwa sababu hiyo si halali kuliita lolote katika manne haya toleo la kwanza. Lililo halali ni kusema matoleo ya kale kabisa yaliyopo.

Neno la tatu ni nakala. Nakala ni kile kitabu kimoja kinachoshikika mkononi. Toleo la Burgos limebaki kwa nakala moja, iliyomo katika maktaba ya nyumba ya Chatsworth huko Uingereza. La Alcalá kwa nakala moja, iliyomo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. La Antwerp lina nakala zaidi ya moja. Toleo la Medina del Campo halikujulikana na mtu yeyote hadi mwisho wa karne ya 20. Hapa ndipo tofauti ya toleo na nakala inapoacha kuwa mchezo wa wanaopenda maneno. Nakala ikipotea, hupotea kitabu kimoja. Nakala iliyo ya pekee ikipotea, toleo zima linafutika, wala hapatakuwa na mtu wa kusema kwamba liliwahi kuwako.

Mwaka 1992, katika mji mdogo wa Barcarrota, jimbo la Badajoz, upande wa Hispania unaopakana na Ureno, mwashi aliyekuwa akitengeneza orofa ya juu ya nyumba ya zamani alibomoa ukuta na kukuta nyuma yake vitabu kumi vilivyopigwa chapa na kimoja cha hati ya mkono. Wenye nyumba walivihifadhi kimya kwa miaka kadhaa. Mwaka 1995 serikali ya eneo la Extremadura ilivinunua, na mwaka 1996 ikatoa kitabu cha kurasa za Lazarillo zilizopigwa picha kama zilivyo. Siku hizi asili yake imo katika Maktaba ya Extremadura mjini Badajoz.

Orodha ya vitabu vile yajieleza yenyewe. Mlikuwa na kitabu cha Erasmus juu ya ulimi, vitabu vya kutazamia bahati kwa kusoma viganja vya mikono, kitabu cha kupungia pepo, na hati ya mkono ya Kiitalia ambayo yaliyomo ndani yake hatutayaeleza katika jarida la Baraza. Mlikuwa pia na kijitabu cha Kireno cha sala ya mwanamke aliyejengewa ukutani, sala ambayo watu wa siku zile waliiamini sana na wakuu wa dini wakaichukia. Sala ya aliyejengewa ukutani ikajengewa ukutani! Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba sala hiyo hiyo imetajwa katika mojawapo ya vile vipande sita vya Alcalá, pale kipofu anapotafuta nyumba ya wageni ambamo humsomea mwenye nyumba sala hiyo kila siku. Kitabu cha Medina kilicholala ubavuni mwake hakina kipande hicho. Jirani hawa wawili walikaa pamoja karne nne bila kufahamiana.

Nani aliyevificha? Mtafiti Fernando Serrano Mangas alitoa mwaka 2004 hoja kwamba alikuwa tabibu Francisco de Peñaranda, mtu wa ukoo wa Wayahudi waliobatizwa; wengine wana mashaka. Sababu ya kuficha haihitaji mtafiti. Mwaka 1559 Fernando de Valdés, mkuu wa Baraza la Kuhukumu Uzushi, alitoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na Lazarillo alikuwamo. Mtu mwenye rafu kama ile alikuwa na njia mbili, moto au ukuta.

Lakini kitabu kilichokatazwa hakikuacha kusomwa. Kiliendelea kuingia kutoka nchi za nje, hata wakubwa wakaona heri watoe chao. Mwaka 1573 Juan López de Velasco alitoa mjini Madrid Lazarillo iliyopunguzwa: sura ya nne, ya mtawa, na ya tano, ya mwuza hati za rehema, ziliondolewa zote, pamoja na maneno kadhaa kwingineko. Toleo hilo liliitwa castigado. Wafasiri wengi wataandika lililosafishwa au lililokaguliwa, na maneno hayo si mabaya. Lakini kitenzi cha Kihispania kina maana mbili kwa wakati mmoja, kuadhibu na kusahihisha, na Kiswahili kinacho kitenzi chenye maana hizo hizo mbili. Mzazi humrudi mwanawe. Tungeliita basi Lazarillo Aliyerudiwa, na msomaji angesikia fimbo na kalamu katika neno moja. Kwa matumizi ya kawaida ya maktaba, ambako utani huo hauna nafasi, toleo lililopunguzwa kwa amri latosha, nalo lina faida ya kutaja kwamba mpunguzaji alikuwa na mamlaka. Watu wa Hispania waliendelea kuwa na Lazaro huyo aliyerudiwa hata karne ya 19.

Yafaa tuseme neno juu ya kile kitabu cha 1996. Kitabu kinachotolewa kwa kupiga picha kurasa za asili, pamoja na madoa yake na makosa yake, si nakala ya kitabu cha asili kwa maana tuliyoieleza, wala si chapa yake mpya. Wengine wameanza kusema faksimile. Hatuna ugomvi na neno hilo likiandikwa kwa tahajia yetu, ila twapendelea toleo la picha, ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kuelezwa. Na tamko la mpiga chapa lililo mwishoni mwa kitabu, lenye jina lake, mji na tarehe, ambalo ndilo lililotupa ile 1 Machi ya Medina, lina jamaa yake katika fasihi yetu: waandishi wa hati za tendi za pwani, zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi walitaja mwishoni jina la mnakili na tarehe ya kumaliza. Neno tamati limekwisha kuzoeleka kwa mwisho wa namna hiyo, nasi hatuoni sababu ya kulikopesha Ulaya neno jingine. Ila tuangalie tusiziite hati hizo miswada ovyo ovyo. Mswada katika ofisi za leo ni maandishi ambayo bado yanangoja kukubaliwa, nazo hazingoji kibali cha mtu.

Inabaki aina ya riwaya. Vitabu vya masimulizi ya kijana fukara anayesimulia mwenyewe maisha yake, akitumikia bwana huyu na yule, akiishi kwa hila, huitwa huko Ulaya kwa jina linalotokana na neno la Kihispania pícaro. Ajabu ni kwamba neno hilo halimo katika Lazarillo hata mara moja. Lilipata nguvu kwa kitabu cha Mateo Alemán, Guzmán de Alfarache, cha mwaka 1599, ambacho wasomaji walikiita kwa kifupi Pícaro. Ndipo watu walipotazama nyuma na kumtambua Lázaro kuwa babu wa ukoo. Cervantes, katika sehemu ya kwanza ya Don Quixote ya mwaka 1605, anamleta mfungwa Ginés de Pasamonte ambaye anajisifu kwamba kitabu cha maisha yake kitamshinda Lazarillo na vyote vya namna ile. Aina ilikwisha kufahamika. Mfungwa hakuwa na jina la kuiita.

Kwa Kiswahili tumeona riwaya ya kipikareski. Neno hilo lina sauti ya Kiswahili na halina maana ya Kiswahili, na mwalimu atakayelitumia darasani itambidi alieleze kila mwaka upya. Mhuni lilikuwa na haki yake zamani, maana kamusi za wakati wa ukoloni zilimweleza mhuni kuwa mtu anayetangatanga bila makao, na huyo ndiye Lázaro hasa. Lakini leo neno limeharibika, na hapana mzazi atakayefurahi kusikia mwanawe anafundishwa riwaya ya wahuni. Tapeli na laghai humtaja mtu kwa kosa lake tu. Mjanja ni neno pana mno.

Linasalia ayari, neno la asili ya Kiarabu ambalo wahakiki wetu wamelizoeza kwa mnyama mwerevu wa ngano kama sungura, na ambalo Abunuwasi naye huitwa kwalo. Wapo wanaolipinga kwa hoja nzito. Ayari wa ngano, wasema, hucheka na kushinda, na kesho huanza upya kana kwamba hakuzeeka; Lázaro ana njaa ukurasa baada ya ukurasa, anapigwa hata meno yanamtoka, naye anabadilika kadiri anavyokua. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo twaona kwamba neno laweza kubeba mzigo huo, maana limekwisha kuubeba mfano wake katika lugha lilikotoka, ambako fasihi ya maqama ya al-Hamadhani na ya al-Hariri, iliyotangulia Lazarillo kwa miaka mia nne na zaidi, ina fukara wake msema vizuri anayekula kwa ulimi wake mji hata mji. Wataalamu wengine wametafuta daraja la kuziunganisha maqama na riwaya za Hispania. Daraja hilo halijathibitishwa, wala hatulihitaji ili kukopa neno.

Twapendekeza basi riwaya ya ayari, pamoja na maelezo haya katika orodha ya istilahi: riwaya ya nathari ambayo mtu wa hali ya chini husimulia mwenyewe maisha yake, akipita kwa mabwana mbalimbali na kujiokoa kwa hila, na ambayo kwa macho yake huonyesha tabia za jamii. Na kadi ya maktaba ya kile kitabu cha Barcarrota ingesomeka hivi: Lazarillo de Tormes, riwaya ya ayari, mwandishi hakutajwa, toleo la Medina del Campo, Mateo na Francisco del Canto, 1554, tarehe katika tamati 1 Machi, nakala moja tu.